Wenu Wamo?

Mdogo wangu Naima alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ambao nusu ya watu ninaowafahamu wanao. Ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi, alikuwa anakujibu kwamba ameshafika. Siku ya harusi yake, ndugu wa mume wamejaa sebuleni kwetu Kondoa mjini, alipigiwa simu saluni akasema, "Nimeshafika, nipo hapa mlangoni," na msusi alikuwa hajamaliza hata upande mmoja wa kichwa. Tulicheka sana. Hamza, bwana harusi, alicheka kuliko wote. Bi Mwanahawa, mama yake Hamza, hakucheka, lakini yule mama si mtu wa kucheka hovyo, kwa hiyo sikulitilia maanani.

Hamza alizaliwa Kwamboi, kitongoji kidogo nyuma ya Busi. Kuna bonde pale, na katikati ya bonde mto wa mchanga, ule wa kwetu ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, na ikinyesha milimani unajaa kwa saa chache kisha unakauka tena. Ukivuka mto kutoka kijijini uko nje ya Kwamboi. Ukiwa upande wa nyumba, una mashamba, na juu ya mashamba una malisho ya kijiji, ardhi ya wote isiyo na mwenyewe, ambako ng'ombe wa kila nyumba hula pamoja na kila mwanamke ana haki ya kuokota kuni.

Njia ya kuzunguka vyote hivyo ni moja. Inaanzia kwenye kivuko cha mto, penye mikuyu, inapanda kati ya mashamba ya uwele na alizeti, inakata malisho, inapita kando ya makorongo mekundu, inagusa majabali ya juu, kisha inateremka kwenye bustani za vitunguu na kurudi mtoni pale pale ilipoanzia. Ukitoka baada ya kifungua kinywa, bila haraka, unarudi adhuhuri. Siku za kawaida ni matembezi tu. Hamza, ambaye ana kazi ya ofisini Mtumba, amewahi kuwaleta wenzake wa kazini na viatu vyao vipya vya mazoezi, wakapiga picha juu ya majabali na kula mayai ya kuchemsha.

Mara moja kwa mwaka, wingu la kwanza likianza kukaa juu ya milima, njia hiyo inatembewa kwa namna nyingine. Baada ya dua msikitini wanaume wote wanaizunguka, na wa mbele anaburuza tawi la mlama lenye majani, linachora mstari ardhini. Wanasema ni kufunga kijiji, mabaya ya mwaka unaokuja yabaki nje. Sheikh wao, mzee Hasani, anasoma dua, anatembea nao, na ukimuuliza kama jambo hilo lina msingi katika dini anakuambia kutembea ni afya.

Wakifika mtoni hawaufungi mstari. Wanaacha nafasi kwenye mchanga, kama mlango, na wanangoja hadi alasiri watu wote na mifugo yote irudi ndani. Hapo ndipo mfungaji anasimama ukingoni na kuuliza kila nyumba kwa zamu, "Wenu wamo?" Mwenye nyumba anajibu, "Wamo." Haruhusiwi kujibu kwa kusikia. Ajibu kwa kuona. Kisha tawi linaburuzwa kwenye ile nafasi, mstari unakutana na mwanzo wake, na kila mtu anakwenda kuswali magharibi. Kesho yake watu wanaingia na kutoka kama kawaida. Mstari hauwazuii waliokuwa ndani.

Ufungaji ni wa nyumba ya Bi Mwanahawa tangu enzi za bibi yake. Mwaka huo miguu yake ilikuwa imevimba, haikanyagi mchanga. Alimwita mwanawe.

*

Hamza na Naima walifika Kwamboi Ijumaa jioni wakitokea nyumbani kwao Kizota. Jumamosi, Hamza alikwenda na wanaume kwenye mzunguko. Naima alivuka mto kwenda kijiji cha pili kumwona rafiki yake Hamida, ambaye alikuwa amejifungua. Alibeba sukari na doti ya khanga. Alivaa kandambili zake za buluu. Ile ya kushoto ilikuwa imekatika mkanda wa kidoleni, Hamza akaifunga kwa waya, na waya huo ulitokeza chini ya soli kama kovu. Alimwahidi mama mkwe kurudi kabla ya alasiri.

Yaliyofuata jioni hiyo sikuyaona. Nimesimuliwa na Hamza, na Bi Mwanahawa, na Hamida, kila mmoja kwa wakati wake, na hawapishani.

Alasiri ilipita. Wingu lilikuwa limeteremka hadi kwenye majabali. Nyumba zote zilikuwa zimejibu, na watu walikuwa wanatazama juu na kuulizana kama kuna aliyeanua mahindi. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni. Aliwageukia wa kwake mwisho.

"Wetu wamo?"

Hamza alikuwa ameshampigia simu mkewe.

"Wamo, mama."

"Umemwona mkeo?"

"Nimeongea naye sasa hivi. Yuko hapo mtoni, nyuma ya mikuyu. Anasema ananiona."

"Nimekuuliza kama umemwona."

"Mama, tazama hilo wingu," alisema Hamza. Akaburuza tawi.

Hamida anasema wakati simu ile inapigwa, Naima alikuwa mlangoni kwake anavaa kandambili. Alisema nimeshafika, nipo hapa mtoni, nakuona. Alimkonyeza Hamida huku akisema. Wakacheka wote wawili, na kichanga kikashtuka.

Watu walikuwa wameanza kuondoka ukingoni Naima alipotokea ng'ambo. Alikuja kwa hatua za mtu aliyechelewa na anajua atatetewa na ucheshi wake. Alipunga mkono. Hamza alimpungia. Akashuka mchangani, akatembea kuelekea kwao, na Hamza akaanza kuandaa maneno ya kumgombeza kidogo.

Aliendelea kuja. Mchanga wa pale si mpana. Mtoto anarusha jiwe likavuka. Naima alitembea, akatembea, na hakusogea.

Mwanzoni alicheka. Walimwona akicheka. Kisha akatazama miguu yake. Kisha akapinda kushoto, akafuata mstari kwa nje, mkono mmoja umetangulia, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Na kulikuwa bado kweupe.

Hamza alimkimbilia. Alivuka mstari bila shida yoyote. Na alipovuka, hakumwona tena. Alizunguka pale mchangani akiita jina lake, na waliobaki ukingoni wao walikuwa wanamwona Naima amesimama mbele yake, karibu kabisa, anamgusa shavu.

Simu yake ikaita.

"Mbona hunitazami?" Naima aliuliza.

*

Bi Mwanahawa hakupiga kelele wala hakumlaumu mwanawe. Alimwambia arudi ndani, akamkalisha chini, akamweleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Alichomwambia Hamza alinieleza na mimi neno kwa neno alfajiri, nilipofika kwa bodaboda baada ya Hamza kunipigia simu usiku, nikiwa nimeganda kwa baridi na hasira.

"Hamza alisema yumo. Ndani kuna nafasi iliyosemewa jina la dada yako, na yeye yuko nje. Nafasi ya namna hiyo haikai tupu, mwanangu."

Nilimuuliza nini kinaijaza. Alivuta khanga yake mabegani.

"Kwa nini unafikiri tunafunga?"

Nimesoma kiasi changu, na nimejifunza kutodharau kitu kwa sababu tu sikukikuta kitabuni. Nilimuuliza tufanye nini.

Alisema mstari hauwezi kufutwa pale mtoni peke yake. Aliyeufunga auzunguke wote kinyume, na tawi lile lile, kuanzia kwenye kivuko hadi kwenye kivuko. Akifika, nafasi itafunguka tena, na Naima ataingia ikiwa atakuwa amefuatana naye kwa nje bila kuachwa. Yote hayo yawe kabla ya mvua. Mvua ikiulowesha mstari, unakaa hadi mwaka mwingine.

"Na mlango huo hauna jina la mtu," aliongeza. "Ukifunguka umefunguka. Kwa hiyo msichelewe njiani, na msimwache nyuma."

Hamza alikuwa amekesha ukingoni, ingawa giza lilipoingia Naima hakuonekana tena hata kutoka ndani. Naima alikuwa amempigia usiku kucha, hadi chaji ikaisha. Alilalamika baridi. Alisema anaona taa ya msikiti. Mara ya mwisho alisema anasikia watu wengine wanatembea huko aliko, na hawasalimii.

*

Tulianza baada ya swala ya alfajiri, Hamza mbele na tawi, mimi nyuma yake. Wingu lilikuwa pale pale juu ya majabali, limejaa, halijaachia. Hewa ilinuka udongo. Bi Mwanahawa alibaki kwenye kigoda chake ukingoni na mzee Hasani pembeni yake, tasbihi mkononi.

Tulipita bustani za vitunguu. Mstari wa jana ulikuwa wazi kabisa ardhini, na tawi lilikuwa linaufuta tulipopita. Mimi nilitazama upande wa nje. Nyasi, mawe, kinyesi cha mbuzi. Nilianza kufikiri kwamba mdogo wangu yuko kwa Hamida amelala, kwamba watu hawa wote wamepatwa na jambo ambalo daktari anaweza kulitaja jina.

Kisha nikasikia kandambili.

Unaijua ile sauti ya mpira ukigonga kisigino. Ilikuwa upande wa kulia kwangu, umbali wa mkono. Pwa. Pwa. Pwa. Niliposimama, ilisimama. Nilipotembea, ilitembea. Nilishusha macho kwenye vumbi la njia. Nyayo zilikuwa zinajichora zenyewe, mmoja baada ya mwingine, na katika kila wa kushoto kulikuwa na kovu dogo la waya.

"Hamza," nilinong'ona.

"Nasikia, shemeji. Usisimame."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye tawi.

Tulipanda hadi kwenye majabali. Pale juu unaona bonde lote, mashamba, mabati ya msikiti, mchanga mweupe unaojipinda chini. Ni mahali pazuri. Hata asubuhi ile niliona kwamba ni pazuri, na nikaogopa zaidi. Tuliposhuka kuelekea makorongo simu yangu iliita, na kwenye kioo palikuwa na jina la Naima.

Chaji yake ilikuwa imeisha usiku. Nilikumbuka hilo na bado nikapokea. Ni nani angeacha kupokea?

"Kaka, nimechoka," alisema. Sauti yake ilikuwa yake. "Punguzeni mwendo. Mkanda unaniumiza."

Nilimwambia Hamza, naye akapunguza. Tulitembea kama wazee. Zile nyayo pembeni zikawa fupi, wa kushoto ukiburuta kidogo. Nilitaka kumshika mkono. Nilinyoosha mkono wangu kulia, juu ya mstari, nikauacha hapo kwa muda tukiwa tunatembea. Sikugusa kitu. Lakini kiganja changu kilipata joto, kama unapokipitisha karibu na shavu la mtu.

Kando ya makorongo njia ni nyembamba. Udongo mwekundu umemeguka, umeacha kuta ndefu za kutisha, na chini hakufikiwi na jua. Ng'ombe wa kijiji walikuwa malishoni juu yetu. Walikuwa hawali. Walisimama wote wakitazama upande mmoja, na haukuwa upande wetu. Walitazama mbele yetu, kule njia inakoelekea.

Simu ikaita tena.

"Kaka." Safari hii alikuwa ananong'ona. "Nani huyo anayetembea mbele yenu?"

Nilitazama mbele. Palikuwa na njia tu, inateremka kati ya mabua ya uwele wa mwaka jana.

"Hakuna mtu," nilisema.

"Yuko kwa nje, upande wangu. Amevaa kama mimi."

"Naima, tembea tu. Tunakaribia."

"Anaharakisha," alisema. "Kaka, mwambie Hamza akimbie."

Nilimwambia. Tulikimbia. Tawi liliruka juu ya mawe, Hamza akirudi kila lilipoacha kufuta, akipiga magoti, akisugua mstari kwa mkono, akiinuka tena. Pembeni yangu kandambili zilikuwa zinapiga haraka. Pwapwa. Pwapwa. Nilisikia pumzi. Tone moja la mvua lilinidondokea shingoni. Kisha mkanda ulikatika, niliusikia, mlio mdogo kabisa, na zile hatua zikabaki nyuma.

Nilipiga kelele Hamza asimame. Hakusikia. Au alisikia. Alikuwa ameshauona mto.

*

Nilipofika mtoni, mstari ulikuwa umefutwa hadi mwisho na Hamza alikuwa amepiga magoti kwenye ile nafasi. Kutoka upande wa pili wa mchanga alikuwa anakuja mwanamke.

Alikuwa Naima. Niseme hivyo kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoona. Khanga ile ile, gauni lile lile, nywele zimejaa vumbi, macho ya mtu asiyelala. Safari hii mchanga haukumchelewesha. Alikuja moja kwa moja, akapita kwenye nafasi, Hamza akainuka, akamkumbatia.

"Nimeshafika," alisema.

Kisha akaniona, akasema shikamoo kaka. Niliitikia marahaba kwa mazoea tu, kabla sijafikiri.

Alikuwa pekupeku.

"Viatu vyako viko wapi?" nilimuuliza.

"Nimevivua."

"Umevivulia wapi?"

"Kule," alisema, na hakuonyesha upande.

Nilimuuliza tena, bila kujua natafuta nini hasa. Nilitaka kumuuliza jina la mbuzi tuliyemfuga utotoni. Nilikuwa nimesema "yule mbuzi wetu" tu, sijamaliza, naye akanijibu jina lake, na rangi yake, na siku aliyochinjwa. Alijibu vizuri. Alijibu haraka mno.

Bi Mwanahawa alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza tangu jana. Alikuwa anatazama mchanga. Nami nikatazama. Nyayo za pekupeku hazikutoka upande wa njia yetu. Zilitoka upande wa juu wa mto, kwenye kona ambako hakuna njia wala kijiji, zikaja hadi kwenye nafasi.

Kule nyuma, kwenye kipande cha mwisho cha njia tuliyojia sisi, hapakuwa bado na nyayo zozote kwa nje.

Mvua ilikuwa inasikika kwenye majabali. Ilikuwa inateremka bonde kama watu wengi wanaotembea pamoja. Bi Mwanahawa alimpokonya mwanawe tawi, akashuka mchangani kwa miguu yake iliyovimba, akasimama juu ya nafasi.

"Hamza. Wetu wamo?"

Hamza alikuwa amemkumbatia mkewe, uso wake umezama begani mwake.

"Wamo."

"Umemwona?"

Hakuinua uso. "Nimemshika, mama. Funga."

Simu yangu ilikuwa inaita mfukoni. Bi Mwanahawa aliisikia. Alinitazama, nami nikamtazama yule aliyekuwa mikononi mwa Hamza, na ulikuwa uso wa mdogo wangu, unalia. Nyuma ya yule mama kulikuwa na nyumba zote za Kwamboi, watoto wamesimama milangoni, na mlango wao uko wazi, na mvua inakuja. Alingoja niseme neno. Alingoja kadiri alivyoweza.

Alifunga. Mvua ilifika kabla hajanyoosha mgongo.

*

Simlaumu Hamza. Mtu ukimrudishia mkewe baada ya usiku kama ule, humwambii amwachie akague miguu yake. Wala simlaumu Bi Mwanahawa. Nimejaribu kuwaza ningefanya nini ningekuwa na tawi lile, na kila mara nafika pale mvua inapoanza.

Nimekwenda kwao Kizota mara kadhaa tangu siku ile. Nyumba ni safi, ugali uko tayari, mwenyeji anacheka panapofaa kuchekwa. Anakumbuka kila kitu. Jirani yao mmoja, Gladness, fundi cherehani, aliniambia kwa utani kwamba siku hizi dada yangu amekuwa mzungu kwa kutunza muda. Ni kweli. Naima niliyemlea hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Huyu hachelewi kamwe. Ukitaka kumwita, unamkuta ameshasimama mlangoni, na hukumsikia akija.

Laini yake ilifungwa, akasajiliwa upya kwa namba ile ile, katika simu mpya. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa barazani alasiri, yeye anachambua mchele, simu yake iko kwenye sinia pembeni, kioo kimezima. Simu yangu ikaita. Lilikuwa jina lake. Niliiacha iite. Hamza aliangalia ukutani. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Si upokee tu, kaka," alisema kwa upole. "Atachoka mwenyewe."

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kwamboi. Bi Mwanahawa hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa uji, akaniambia kama nataka kutembea nitembee mapema, na nisikanyage upande wa nje.

Niliizunguka njia yote peke yangu. Masika yalikuwa yamefanya kazi yake. Malisho yalikuwa ya kijani, majani yamefika magotini, na ng'ombe wamenenepa. Ule mstari haukuonekana tena. Lakini sambamba na njia ya siku zote, kwa nje, umbali wa mkono, kulikuwa na njia nyingine ambayo mwaka jana haikuwepo. Nyembamba, ya mtu mmoja, imekanyagwa hadi udongo ukawa mgumu na mwekundu, haina jani hata moja. Imepita kwenye vitunguu, imepanda majabalini, imeshuka makorongoni, imepita kwenye uwele. Wachungaji huirukisha mifugo yao juu yake. Hakuna aliyeniambia ni ya nani.

Nilifika kwenye kivuko. Usiku uliotangulia ilikuwa imenyesha na mto ulikuwa umepita, ukaacha mchanga laini, umelowa, hauna alama ya ndege wala ya mbwa. Ile njia nyembamba iliishia ukingoni. Nikatazama mchangani.

Palikuwa na nyayo mbili tu, zimesimama pamoja mbele ya pale palipokuwa na nafasi, vidole vikielekea kijijini. Wa kulia ulikuwa wa kandambili. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na ndani yake maji yalikuwa bado yanapanda.